Uzi: Majina ya makundi ya wanyama na vitu katika Kiingereza, na kwa nini mengi yake hayatafsiriki

Bandiko la 1 (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam. Ninahariri vitabu vya watoto mjini Mombasa, ingawa nimezaliwa na kulelewa Tanga, na Kiswahili changu kimechota pande zote mbili za mpaka. Mezani kwangu sasa pana tafsiri ya kitabu kuhusu wanyama kilichoandikwa kwanza kwa Kiingereza, na ukurasa wake wa mwisho una orodha ya majina 32 ya makundi. Kiingereza kina desturi ya kuwapa wanyama wa kila aina jina lao la pamoja wanapokuwa wengi: simba huitwa «pride», kunguru «murder», bundi «parliament», samaki «school», twiga «tower». Mfasiri wetu, kijana makini ambaye kazi yake naiheshimu, aliyafuata majina hayo neno kwa neno, na ukurasa ukasomeka hivi: fahari ya simba, mauaji ya kunguru, bunge la bundi, shule ya samaki, mnara wa twiga.

Nilipofika kwenye kunguru niliweka kalamu chini. Maneno «mauaji ya kunguru» yana maana kamili hapa pwani, tena maana ya kweli. Kunguru wa India waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, wakaenea mpaka bara, wakawa adui wa vifaranga, wa mayai ya ndege wa asili na wa kila sahani iliyoachwa nje bila kufunikwa. Na Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza nia ya kuwaangamiza milioni moja kabla ya mwaka huo kwisha. Mtoto wa Malindi akiyasoma maneno hayo ataona sumu na mizoga. Hatawaona kunguru kumi waliotua juu ya mwembe, na hao ndio waliokusudiwa na mwandishi.

Shule ya samaki ni kosa la aina nyingine, nalo lina mengi ya kufundisha. Neno «school» la samaki halina udugu wowote na shule tunayosomea. Lile la darasani lilitoka katika Kigiriki kwa kupitia Kilatini, na hili la baharini lilitoka katika Kiholanzi cha zamani, ambamo maana yake ilikuwa kundi au umati tu. Ndugu yake ni «shoal», jina jingine la Kiingereza la samaki wanaoogelea pamoja. Maneno hayo mawili yamekutana katika tahajia moja kama vile kwetu paa la nyumba lilivyokutana na paa wa porini, na hakuna Mswahili ambaye angemfundisha mgeni kwamba mnyama yule huishi juu ya nyumba.

Nimefungua uzi huu kwa sababu nina hoja moja ambayo ningependa ipimwe na wenzangu. Majina ya makundi ya Kiingereza, ambayo shule zetu huyafundisha kama orodha moja, ni mafungu mawili yenye asili tofauti kabisa. Fungu moja lilizaliwa kazini, kwa wachungaji, wavuvi na wavunaji. Fungu la pili lilizaliwa katika mchezo wa maneno wa mabwana wawindaji. Lile la kwanza lina wenzake katika Kiswahili na hutafsirika bila shida. La pili halitafsiriki, wala hatuna haja ya kulilazimisha. Anayeyachanganya mafungu hayo huwapa watoto mzigo wa kukariri usio na pa kuushika.

Bandiko la 2 (mwanzisha uzi)

Naendelea na historia, kwa kuwa bila hiyo hoja yangu haina miguu.

Mwaka 1486, katika mji wa St Albans ulio kaskazini ya London, kilichapishwa kitabu kuhusu mambo matatu aliyopaswa kuyajua mtu wa tabaka la juu wa Uingereza: kuwinda kwa kutumia ndege aina ya kozi, kuwinda kwa mbwa, na elimu ya nembo za koo. Sehemu ya uwindaji inahusishwa na bibi mmoja aitwaye Juliana Berners. Humo mna orodha ya majina ya makundi yanayozidi 160. Orodha za namna hiyo zilikuwa zimeshapita katika miswada ya mkono kabla ya hapo, lakini chapa ndiyo iliyozisambaza, na mwaka 1496 mchapishaji Wynkyn de Worde akakitoa kitabu upya na kukiongezea sehemu kuhusu uvuvi wa ndoana.

Ni muhimu kufahamu orodha ile ilikuwa na kazi gani. Mkulima wa Uingereza hakuihitaji, kwa sababu alikuwa na maneno yake na yalimtosha. Iliandikwa kwa ajili ya kijana wa ukoo wa kibwana, ili akisimama mbele ya wenzake baada ya kuwinda asitamke neno lisilofaa na kuonekana mshamba. Kujua jina la kundi la kila mnyama kulikuwa alama ya malezi, kama vile katika nyumba fulani za pwani mtu anavyopimwa kwa namna anavyopokea kikombe cha kahawa. Na kwa kuwa ilikuwa alama ya malezi, waandishi wake walijiruhusu ufundi na hata utani. Majina mengi humo hayahusu wanyama hata kidogo. Mahakimu wameitwa «sentence», yaani hukumu. Mawakili wameitwa ufasaha. Wajumbe wameitwa bidii. Watawa wa kike wameitwa «superfluity», yaani ziada isiyohitajika, na hilo lilikuwa dongo la wazi katika nchi ambayo nyumba za watawa zilikuwa nyingi na zenye mali. Hakuna aliyeingia sokoni akasema ameiona bidii ya wajumbe watano. Yalikuwa maneno ya kufurahisha baraza.

Katika orodha hiyohiyo, hata hivyo, mna majina yaliyotokana na kusikiliza na kutazama kwa makini, na haya nayapenda kwa dhati. Bata bukini waliitwa «gaggle» kwa kuiga kelele zao. Kipozamataza, ndege mdogo anayepaa wima huku akiimba, alipewa jina linalotokana na kuinuliwa juu. Kwezi waliitwa «murmuration», mnong'ono, kwa sababu ya sauti ya mbawa zao zinaporuka kwa maelfu. Aliyewahi kusimama kando ya shamba la mpunga jioni, kwelea kwelea wakapita juu ya kichwa chake wakielekea mateteni kulala, anaijua sauti hiyo: huanza kama upepo ulio mbali, ikafika kama mvua juu ya makuti, na kabla hujainua macho imeshapita. Mwingereza wa karne ya 15 aliisikia kwa kwezi wake akaipa jina. Ningetafsiri neno hilo kwa furaha kama Kiswahili kingenipa nafasi, lakini «mnong'ono wa kwezi» huleta picha ya ndege wanaosengenyana, na haileti sauti ya mbawa.

Jambo moja zaidi la kihistoria, kwa sababu limenishangaza. Bunge la bundi, ambalo leo linatajwa kana kwamba ni urithi wa kale, halimo katika orodha ya 1486. Limeongezwa baadaye sana. Simba walikuwamo, na jina lao ni lilelile la kiburi au fahari linalotumika sasa, lakini kwa karne nyingi halikuwa likisemwa na watu. Lilifufuliwa katika karne ya 20. Kwa hiyo hata katika nchi yake mengi ya majina haya yameishi vitabuni kuliko midomoni.

Bandiko la 3 (mchangiaji, Arusha)

Dada, ahsante kwa uzi huu. Mimi ni mwongoza watalii. Majina haya tuliyakariri chuoni, na wageni wanapoyasikia hufurahi sana: «tower» ya twiga, «crash» ya faru, «dazzle» ya pundamilia, «flamboyance» ya heroe. Je, haya nayo ni ya wale mabwana wa 1486? Na je, unataka kusema tuyaache?

Bandiko la 4 (mwanzisha uzi)

Kaka, karibu. Hayo si ya 1486, na hayawezi kuwa. Twiga wa kwanza kufika Uingereza akiwa hai alipelekwa mwaka 1827, zawadi ya Muhammad Ali wa Misri kwa mfalme George IV. Mwandishi wa St Albans, miaka zaidi ya 300 kabla yake, hakuwa na sababu ya kutafuta jina la twiga kumi wakati nchi nzima haikuwa na hata mmoja. Majina ya wanyama wetu wakubwa yametungwa katika nyakati zilizo karibu na sisi, kwa kuiga mchezo ule wa zamani, na ndiyo maana yote yanafanana kwa ladha: mnara kwa sababu ya urefu, mgongano kwa sababu ya nguvu, kung'ariza kwa sababu ya milia.

Sisemi uyaache. Mgeni wako anayafahamu kama sehemu ya utamu wa lugha yake, na wewe unayatumia kazini kwa Kiingereza. Ninachopinga ni kumwambia mtoto wa Karatu, ambaye twiga hupita karibu na shamba la baba yake, kwamba kwa Kiswahili sahihi wale ni mnara. Yeye anasema kundi la twiga, na amesema sawa.

Bandiko la 5 (mwanzisha uzi)

Sasa fungu la kwanza, yale majina yaliyozaliwa kazini. «Herd» la ng'ombe, «flock» la kondoo na «swarm» la nyuki ni maneno ya kale katika Kiingereza kuliko kitabu chochote cha uwindaji, na kila mchungaji aliyatumia bila kufundishwa. «Litter», watoto wa nguruwe au wa mbwa waliozaliwa kwa pamoja, lilikuwa jina la majani makavu yaliyotandikwa bandani. Mama alizalia juu ya majani hayo, na jina la tandiko likahamia kwa watoto. «Covey» la kwale lilitoka katika Kifaransa, katika neno la kuatamia.

Ninalolipenda kuliko yote ni «team». Katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya uzao, kisha likawa jina la maksai waliofungwa pamoja kukokota jembe, kisha likawa la watu wanaofanya kazi pamoja, kisha la wachezaji. Kiswahili kimelipokea likiwa limefika mwisho wa safari hiyo, nasi tunasema timu ya taifa bila kuona nira shingoni mwa mtu yeyote. Mwalimu anayelieleza neno hili kwa mtindo huo darasani hahitaji kumwambia mwanafunzi alikariri. Ng'ombe wawili na jembe watabaki kichwani mwake wenyewe.

Bandiko la 6 (mchangiaji, mwalimu mstaafu)

Mwanangu, mimi nimefundisha miaka mingi, na nakubaliana nawe kuhusu Kiingereza. Lakini usisahau kwamba sisi wenyewe tumefanya kosa hilohilo katika Kiswahili. Mtihani unauliza: «Kundi la nyuki huitwa ____», na asiyeandika «bumba» anakosa alama. Tumegeuza maneno kuwa nywila.

Bandiko la 7 (mwanzisha uzi)

Shikamoo mwalimu. Umenigusa pale panapouma, na naomba nieleze kisa.

Mtoto wa dada yangu yuko darasa la sita katika shule moja ambayo sitaitaja. Aliletewa zoezi lenye pengo: «Kundi la nyota huitwa ____». Akaandika «kilimia», kwa sababu bibi yake wa Pangani amemwonyesha nyota zile ndogo zilizosongamana angani na kumwambia jina lake ni hilo. Akawekewa mkasi mwekundu, na jibu sahihi likaandikwa pembeni: «thurea». Mtoto alirudi nyumbani akiwa na hakika kwamba bibi yake hajui Kiswahili.

Thurea ni neno lililotoka katika Kiarabu, na katika Kiarabu Thuraya ni jina la nyota zilezile hasa ambazo bibi alimwonyesha. Kilimia ni jina la Kiswahili la nyota hizo, kutokana na kitenzi kulima, kwa kuwa wakulima wa pwani walizitumia kujua msimu, na methali ya wazee inasema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nakubali kwamba kwa ukali wa maneno mtoto alitaja kundi moja la nyota badala ya jina la makundi yote. Lakini mwalimu aliyemkosoa alikuwa ameshika neno ambalo kwa asili yake lilitaja kundi hilohilo moja, na kama angelijua asingechora mkasi. Angesimama, akamuuliza mtoto ameipata wapi habari hiyo, akamwomba aieleze kwa darasa zima. Nimemwandikia mwalimu huyo barua ya heshima. Mtoto nimemweleza kwamba yeye na bibi yake walikuwa wakitazama nyota ambazo kitabu kilikuwa kikizitaja.

Kwa hiyo ni kweli, mwalimu wangu. Orodha iliyokatwa mbali na macho, masikio na mikono hufa, iwe ya Kiingereza au ya Kiswahili.

Bandiko la 8 (mwanzisha uzi)

Nimerudi baada ya siku mbili. Wengi mmeniuliza: kama tunayaacha yale ya Kiingereza yasiyotafsirika, tutaweka nini mahali pake? Swali hili ndilo limenifanya niyatazame upya maneno ya Kiswahili, na nimeona jambo ambalo sikuwa nimelitambua kwa miaka yote ya uhariri.

Kwa wanyama walio hai, Kiswahili hakina wingi wa majina. Tunasema kundi, na kundi linatosha kwa ng'ombe, tembo, mbwa mwitu na ndege. Nyuki wana bumba lao, na si ajabu, kwa kuwa nyuki ni mali na mrina asali huwaangalia kwa makini wanapohama. Lakini ingia kwenye vitu vinavyoshikwa kwa mkono, vinavyofungwa, kubebwa, kupangwa na kuuzwa, na hapo Kiswahili kinafunguka kama ghala. Orodha ya Kiingereza ina utajiri wa wanyama kwa sababu iliandikwa na wawindaji. Utajiri wetu umo katika vitu, kwa sababu maneno haya yalitengenezwa na wavuvi, wakulima, wachukuzi na wafanyabiashara.

Chukueni mtungo wa samaki. Mvuvi wa Tanga akirudi na changu wachache wa nyumbani hawatii ndani ya mfuko. Anachana ukindu, anaupitisha kwenye shavu la samaki wa kwanza na kuutoa kinywani, kisha wa pili, kisha wa tatu, anafunga fundo na kuondoka nao wakining'inia mkononi, wakidondosha maji njiani. Huo ni mtungo. Jina limetokana na kutunga, na kitenzi hichohicho ndicho tunachokitumia kwa shanga zinazopitishwa katika uzi na kwa mashairi: mshairi hutunga, kazi yake ni utungo, naye ni mtunzi. Hakuna aliyekaa barazani akabuni neno hili ili aonekane mwenye malezi mema. Limetoka katika tendo la mkono, na anayelijua tendo hawezi kulisahau jina.

Ndizi zina ngazi mbili. Zile zote zinazokatwa mgombani kwa panga mara moja ni mkungu. Mkungu hugawanywa kwa chane, na chane ndiyo inayoning'inizwa gengeni Dar es Salaam au kupangwa chini Marikiti hapa Mombasa. Ndizi moja iliyonyofolewa ni dole. Inafurahisha kwamba wafanyabiashara wa ndizi wanaozungumza Kiingereza nao huita chane «hand», mkono, na ndizi moja «finger», kidole. Watu wawili walioshika tunda lilelile wameona umbo lilelile. Haya ndiyo majina ninayosema hutafsirika bila shida.

Kuni hufungwa tita. Kutoka hapo tumepata kitita, tita dogo, ambacho kimehama kutoka kichwani mwa mama hadi kwenye magazeti: mchezaji amesajiliwa kwa kitita cha fedha, na bima ya afya ina kitita cha mafao. Mboga za majani ni kicha au fungu, kutegemea kama zimefungwa kwa kamba ya mgomba au zimepangwa tu juu ya gunia. Pamba na ngozi hufungwa robota, neno lenye asili ya Kiarabu katika kitenzi cha kufunga. Mtumba ulikuwa mzigo uliofungwa kwa kubebwa, na leo mitumba ni nguo zilizovaliwa zinazotoka ng'ambo. Jina la furushi limekuwa jina la kilichomo, sawasawa na majani ya bandani yalivyokuwa jina la watoto wa nguruwe. Na furushi lenyewe, likiwa limebaki bila jina, wauzaji wa Tanzania wakaliita belo.

Vitambaa vina hesabu yao. Khanga huuzwa doti, yaani vipande viwili vilivyoungana ambavyo mnunuzi hukata na kupinda mwenyewe. Mafundi na wenye maduka ya vitambaa husema jora kwa kitambaa kizima kilichoviringwa. Na wakubwa wetu walinunua kwa korja, vitu ishirini kwa pamoja. Wanawake wa mwambao wana koja la maua la kuvaa shingoni na kikuba cha majani na maua ya kunukia cha kuchomeka nguoni. Watu nao wana umati, kaumu na halaiki. Hili la mwisho limepata maana ya pekee Tanzania, ambako halaiki ni watoto mamia wanaochora maumbo kwa miili yao uwanjani siku za sherehe za kitaifa. Jirani yangu wa Mombasa hakunielewa kabisa nilipomwambia kwamba nilipokuwa mdogo nilicheza halaiki.

Kuna na jambo la sarufi lililo chini ya haya yote. Katika Kiingereza mtu huanza na kimoja, kisha hutafuta jina la vingi. Kiswahili kina kundi zima la maneno ambamo vingi ndivyo vinavyokuja kwanza akilini, na kimoja huchomolewa humo kwa kiambishi: kuni, kisha ukuni, nywele, kisha unywele, shanga, kisha ushanga, ndevu, kisha udevu. Mama humtuma mtoto kuni, hamtumi ukuni. Ngeli hii imeshafanya nusu ya kazi ambayo Kiingereza kinaifanya kwa orodha.

Bandiko la 9 (mchangiaji, Nairobi)

Mimi nina swali fupi la upatanisho. Tuseme «kundi la ng'ombe limevuka mto» au «wamevuka mto»? Mwanangu aliandika la pili akakosa.

Bandiko la 10 (mwanzisha uzi)

Kwa maandishi rasmi, «limevuka», kwa kuwa kundi ndilo kichwa cha kirai na kitenzi hulifuata. Katika mazungumzo watu husema «wamevuka» kila siku, kwa sababu macho yao yako kwa ng'ombe na siyo kwa neno kundi. Waingereza wenyewe wanavutana katika jambo hili: Uingereza utasikia mara nyingi timu ikipewa kitenzi cha wingi, na Marekani ikipewa cha umoja. Mweleze mwanao sababu zote mbili, kisha aandike «limevuka» kwenye mtihani.

Bandiko la 11 (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, ukurasa umekamilika na nimeupeleka kwa mchapishaji, kwa hiyo naeleza tulivyoamua mimi na mfasiri.

Katika majina 32, yale ya kazini tumeyapa wenzake wa Kiswahili: kundi la ng'ombe, bumba la nyuki, mkungu, chane na mengineyo. Yale ya mchezo hatukuyatafsiri. Tumeyaweka katika kisanduku chenye maelezo mafupi kwamba Waingereza wa mwaka 1486 walipenda kutunga majina ya namna hii, tukataja matano kwa tahajia yake ya Kiingereza na kueleza sababu ya kila moja, pamoja na ile sauti ya kwezi. Kunguru wamebaki kundi la kunguru. Simba nao ni kundi la simba. «Fahari ya simba» niliifuta baada ya mzee mmoja wa Tanga kuniuliza yule fahari ni wa nani, kwa kuwa kwake fahari ni ng'ombe dume.

Nafasi iliyobaki tumeijaza kwa majina ya vitu ambayo hayakuwamo katika kitabu cha Kiingereza: tita, kicha, koja, doti, jora na mtungo. Mchapishaji alikubali bila kusita na akatoa fedha za michoro sita. Mitano imepita. Mchoro wa mtungo umerudi kwa mchoraji, kwa sababu alikuwa ameupitisha ukindu kwenye mikia ya samaki. Nimemtumia picha niliyoipiga mwenyewe ufukweni asubuhi, ili aone unavyoingia shavuni na kutokea kinywani.